Ukimya wa Chumba cha Leokadia

Ijumaa ile Najat aliamka mapema, akachaji betri za kamera, akapiga pasi baibui, kisha akamwamsha Dalila. Mama zao ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo kwetu Dalila ni mdogo wake, hakuna neno jingine. Najat alikuwa mwaka wa mwisho, akisomea utengenezaji wa filamu katika chuo kimoja cha Guangzhou. Dalila alikuwa akimsaidia mjomba wao Nassor katika ofisi yake ya kusafirishia kago, ghorofani katika jengo la Tianxiu, na alikubali kuigiza katika filamu ya mtihani.

Filamu yenyewe ilikuwa ndogo: msichana anafunga marobota ya vitenge huku akizungumza na mama yake kwa simu. Dalila hakuhitaji kufundishwa. Mama yake, Faudhia, alikuwa Unguja na macho yake yalikwisha kupofuka. Picha hazikumfaa, wala ujumbe wa maandishi. Kwake Dalila alikuwa sauti tu. Kila siku baada ya alasiri alikaa mlangoni na simu mapajani, akiingojea.

Ofisi ya mjomba haikufaa kwa kelele za mkanda wa gundi. Najat akaona chumba kitupu mwisho wa ukumbi, mlango umerudishwa tu. Alipomuuliza mlinzi kama kina mpangaji, alijibiwa "meiyou", yaani hakuna, na mlinzi asiinue hata macho. Floribert, Mkongo wa ofisi ya jirani, mnunuzi wa vitambaa katika soko la Zhongda, alipowaona wakiingiza vyombo alisimama mlangoni. Hakuvuka kizingiti.

"Dada, mule hamukalake mutu," alisema polepole. "Mupigie picha kwangu."

"Kwako mashine ya kahawa hainyamazi, kaka Floribert."

"Mashine inazimika," akajibu, na hakucheka.

Walisubiri mchana, wanaume waliposhuka kwenda kuswali na ghorofa nzima ikatulia. Kazi ilikwenda vizuri. Dalila alifunga robota, akazungumza na simu iliyozimwa, akacheka pale pa kucheka. Likabaki jambo moja.

Liang, mwalimu wa Najat chuoni, alikuwa na amri. Kila chumba kina ukimya wake, na mkimaliza kupiga picha wote msimame bila kutikisika, muurekodi ukimya huo, uje utandikwe chini ya maneno wakati wa kuhariri. Najat aliwahi kusahau. Mwalimu akamwambia mbele ya wenzake kwamba akirudia, filamu yake haitapokewa.

Basi alivaa vipokea sauti masikioni, akamwekea Dalila kidole mdomoni kwa mzaha, akawasha.

Ukimya ulikuwa mzuri. Mvumo wa taa. Lifti kwa mbali. Pumzi za Dalila.

Kisha sauti ya mwanamke. Karibu kabisa na maikrofoni.

"Dalila."

Najat aligeuka. Hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa, na ukutani yamebaki mabaki ya gundi tu. Alimwangalia Dalila, naye ametulia kama alivyoagizwa. Najat akaukumbuka mwiko wa nyumbani, ule tuliokatazwa sote tangu tukiwa watoto: usiiitikie sauti ambayo mwenyewe humwoni. Angeweza kuzima. Alimfikiria mwalimu. Akaacha mashine iendelee.

"Dalila."

Safari hii Dalila naye alisikia. Alilelewa vizuri, na mtoto wa kike aliyelelewa vizuri hamwachi mkubwa aite mara mbili.

"Abee," akaitika.

Taa ikaacha kuvuma. Haikuzimika. Iliacha tu kuvuma.

"Kwa nini umesema?" Najat alinong'ona.

"Mama kaniita, dada."

Walikusanya vyombo wakatoka. Floribert alikuwa bado amesimama ukumbini. Alimtazama Dalila usoni, akajifanyia ishara ya msalaba, akaingia ofisini kwake.

Usiku, Unguja ikiwa ni alasiri, Dalila alimpigia mama yake. Alimwamkia, akamwamkia tena. Upande wa pili Faudhia alikuwa akisema haloo, haloo, mbona kimya. Najat akaichukua simu, na yeye akasikika vizuri. Akairudisha.

"Mama, ni mimi," Dalila alisema.

"Najat," mama akaita, "mpe Dalila simu. Nimesema mpe."

Walijaribu simu ya mjomba. Walituma ujumbe wa sauti, na ukaenda mtupu. Najat akafungua picha za mchana. Midomo ya Dalila ilikuwa ikicheza, mkanda wa gundi ukisikika unavyochanwa, na maneno hayamo. Mwenyewe alikuwa amekaa pembeni akilia kwa sauti, na Najat akimsikia wazi. Akausogeza mkono wa maikrofoni mdomoni pake. Mshale wa kipimo cha sauti haukutikisika.

Kwenye rekodi ya ukimya, ile sauti iliyoita haikuwamo. Ilikuwamo moja tu. "Abee."

Asubuhi Najat alimfuata Floribert, naye akamweleza kwa shida. Chumba kile alikuwa amekikodi mama mmoja wa Tanga, Leokadia. Siku moja watu wa kwao wakaacha kumsikia kwenye simu. Alinunua simu nyingine, na nyingine tena. Mwishowe akarudi kwao, akaacha mizigo. Kilichompata huko, Floribert hakukijua, na alisema hataki kukijua.

Mjomba Nassor alimkatia Dalila tiketi ya kurudi Unguja. Akikaa ubavuni mwa mama yake, alisema, hapatakuwa na simu baina yao. Dalila akaanza kufunga sanduku, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akala chakula.

Siku ya safari, kabla ya kutoka kwenda uwanja wa ndege, simu ya Najat ikalia. Alikuwa Faudhia, na furaha yake ilisikika chumba kizima.

"Mwambie mdogo wako simu yake imepona. Amenipigia sasa hivi. Sauti ile ile. Ananiita, mama, mama, kama alipokuwa mdogo."

Dalila alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, mkononi ana kufuli. Simu yake ilikuwa mezani, imezimwa.

"Mama mdogo," Najat aliuliza, "hukumwitikia?"

"Mtoto ananiita, nisimwitikie?"

Kisha simu ikanyamaza. Haikukatika. Dakika zilikuwa zikihesabika kwenye kioo, na kwa mbali alisikika jogoo wa kwao Unguja, na mlango ukigonga, na viatu vya mtu anayetembea huku na huku. Neno hata moja hakuna.

Rekodi ile Najat hakuifuta. Aliifungia kabatini, na tangu siku ile ya safari hakuna aliyeigusa. Mwaka huu ndipo akaniruhusu mimi, ndugu yao, niisikilize. Kuna mvumo wa taa, lifti, pumzi. Kuna "abee" ya Dalila. Na baada yake, karibu kabisa na maikrofoni, kuna sauti ambayo siku ile haikuwamo, sauti ya Faudhia, yenye furaha.

"Naam, mwanangu."