Mkono Uliobaki kwenye Tovuti ya Mbuzi

Wambeti aliingia kituo cha polisi cha Kiritiri akilia kama mtu aliyefiwa.

"Afande, wameimaliza!"

"Wamemaliza nini?" aliuliza Inspekta Karambu.

"Tovuti yangu."

Konstebo mmoja alianza kucheka, akamwona bosi wake hacheki, akageuza kile kicheko kikawa kikohozi.

Simu ya Wambeti ilionyesha ukurasa mweupe pe. Hadi jana pale palikuwa na nasaba za mbuzi wake wote, vizazi sita, hadi kwa beberu aliyeitwa Chifu. Watu husema Chifu akipiga chafya Kiritiri, mbuzi jike wa Siakago wanashika mimba. Mimi sibishi.

"Wanunuzi wa Kiirua wanakuja kesho," alisema Wambeti. "Wasipoona nasaba, uzao wa Chifu ni nyama tu. Na sikuziandika pengine popote."

"Tovuti yako huwa inakaa wapi?"

"Si hapa kwa simu?"

Karambu alishusha pumzi. Aliipigia kampuni inayohifadhi tovuti hiyo, Wambeti akathibitisha kuwa akaunti ni yake.

"Jina la tovuti bado ni lake?" Karambu aliuliza.

"Ni lake, afande. Halijaisha muda."

"Seva?"

"Iko sawa. Tovuti nyingine zilizo humo zinafunguka."

"Sasa?"

"Mtu ameingia kwa nenosiri sahihi. Akafuta nakala za akiba kwanza, halafu mafaili. Amebakiza picha moja tu. Nakutumia."

Karambu alikata simu, akamgeukia Wambeti. "Mama Kanini, sikia. Jina la tovuti ni kibao cha barabarani. Seva ni kiwanja ulichokodi. Mafaili ndiyo nyumba yenyewe. Kibao kipo, kiwanja kipo. Nyumba imebomolewa na mtu mwenye ufunguo. Nenosiri analo nani?"

"Mimi. Nyamu, fundi wa Embu aliyeijenga. Na mdogo wangu Munyi. Huyo ndiye ninayemwachia kila kitu."

Picha ikaingia. Marehemu mama yao alikuwa akicheka, Wambeti kando yake, na Chifu akiwa bado kitoto, kamba shingoni. Pembeni kabisa mkono ulishika ile kamba. Mkono usio na mwenyewe, kidole gumba kimepinda kama ndoano.

Walimkuta Munyi nyumbani kwa dadake, ameshapika chai.

"Ni Nyamu, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Yule kijana ana tamaa. Mshike leo leo."

"Umejuaje kuna wa kushikwa? Labda ni mtambo umeharibika."

"Si... dada alikuwa analia."

"Kunywa chai, inapoa."

Munyi akashika kikombe. Karambu akatazama kidole gumba chake kilichopinda, kisha akaweka picha mezani.

"Mkono huu ni wa nani?"

Munyi akaweka kikombe, akaficha mkono chini ya meza.

"Nyamu angefuta yote. Huyu mama si wake. Aliyefuta alimwonea haya marehemu, akashindwa kuwaonea haya walio hai."

"Munyi," Wambeti alisema polepole, "mwambie afande si wewe."

"Ni mimi."

Wambeti akakaa chini, pu, kama gunia la makaa.

"Muulize dada alichoandika kwenye tovuti!" Munyi aliropoka. "Ati alimtoa Chifu kule Muthara peke yake. Peke yake! Nani alimbeba begani, mbuzi akimkojolea shingoni mpaka Embu? Na picha je? Mama alitusimamisha sote. Dada akanikata, akaniachia mkono!"

"Wateja walitaka kuona mwanamke mfugaji..."

"Nilikuomba unirudishe. Ukacheka. Nikataka uone kufutwa kunavyokuwa."

"Ungenifuta na watoto wangu pia?"

Munyi akainamisha kichwa. Akatoa flashi mfukoni, na kutoka kwenye pochi ile picha nzima, imechakaa mikunjoni. "Nasaba zote ziko humu. Sikuweza kutupa."

Jioni Nyamu akiwa Embu alitumiwa yaliyomo kwenye flashi, akarudisha mafaili. Nasaba zikasimama, hadi kwa Chifu. Wambeti alipiga ile picha nzima kwa simu akaiweka juu kabisa, Munyi akionekana mzimamzima, mdomo wazi kwa kicheko. Chini yake akaandika jina la Munyi, na kwamba ndiye aliyembeba Chifu.

Munyi akayaona machozi ya dadake, akatabasamu kidogo. "Sasa yameisha, dada?"

Wambeti alifungua ukurasa wa kubadili nenosiri. Miaka yote hiyo ni Munyi aliyekuwa akimwandikia. Safari hii alimpa mgongo, akafunika simu kwa leso, akabonyeza herufi mojamoja.

"Kesi niiandike, Mama Kanini?" aliuliza Karambu.

"Iandike, afande."