Chupa ya Maji Moto

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la saba walibeba majembe na kuingia shamba la kahawa la shule. Ulikuwa mwaka 1976, na shule yao huko Mbozi ilijitegemea kwa jasho lake. Kila mwanafunzi alikuwa na kipande chake cha mibuni, na mpakani mwalimu alichomeka kijiti. Mwaka huo palizi ilikuwa na utamu: atakayemaliza angepanda lori kwenda kuona wanyama katika hifadhi ya taifa.

Ruti alikuwa hodari wa kutia chumvi hadithi, lakini jembe lilimshinda. Siku ya ukaguzi, mstari wake wa mwisho ulikuwa bado msitu mtupu. Jirani yake shambani alikuwa Enesi, rafiki yake mkubwa, ambaye kipande chake kilikuwa safi. Ruti aliangaza macho huku na huku, akang'oa kijiti, akakihamishia upande wa pili wa mstari wenye majani. Basi mstari ukawa wa Enesi.

"Enesi, majani haya ya nani?" aliuliza Mwalimu Sadoki alipofika.

"Mwalimu, mstari huu si wangu."

"Na kijiti hiki je? Uvivu ni kosa, na uongo ni kosa jingine. Hutasafiri."

Enesi alimtazama Ruti. Ruti akajitia kukwangua udongo kwenye jembe lake. Neno moja tu lingetosha, naye alilimeza.

Asubuhi ya safari, Enesi alikuja kando ya lori na chupa tupu. "Bibi anaumwa miguu," alisema. "Mkipita kwenye chemchemi ya maji moto, nijazie. Na ukimwona tembo, mtazame vizuri uje unisimulie. Mimi ndiyo basi tena, mwakani tumeshamaliza shule."

Huko hifadhini, dereva Shaban, mwenyeji wa Tunduma, alizima injini ghafla. "Tulieni, wanangu. Hao!" Tembo walivuka njia taratibu, mtoto wao akijificha chini ya tumbo la mama yake. Wanafunzi waliziba midomo kwa furaha. Ruti alitokwa machozi.

"Ruti, unalia nini?" aliuliza Anyitike, aliyekaa karibu naye.

"Vumbi tu."

Wakati wa kurudi walisimama Songwe, kwenye chemchemi. Mvuke ulifuka kati ya mawe, na wenzake wakachovya kikapu cha mayai majini ili yaive. Ruti hakula. Alijaza chupa mpaka vidole vikamuuma, akaifunga ndani ya sweta lake na kuikumbatia. Alijiambia kwamba maji yakifika yangali moto, atakuwa amemlipa Enesi walau kidogo. Lakini mvua iliwakuta njiani, na lori likapanda mlima kwa kujikokota.

Enesi alikuwa akingoja barabarani. Alichukua chupa, akaiweka shavuni.

"Yamepoa," alisema. "Si kitu, nitampashia bibi. Haya, tembo je?"

Ruti alishindwa kusimulia. "Enesi, mstari ule ulikuwa wangu. Nilihamisha kijiti."

Enesi aliiondoa chupa shavuni.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nangoja useme mbele ya mwalimu." Akaondoka na chupa yake.

Kesho yake Ruti alisimama mbele ya shule nzima, akasema yote. Mwalimu Sadoki aliinamisha kichwa.

"Enesi, nisamehe mwanangu," alisema. "Ulisema kweli, nami nikasikiliza kijiti." Kisha akamgeukia Ruti. "Utapalilia mstari ule, lakini hata ukipalilia shamba zima, safari ya Enesi hairudi. Umefanya vema kusema ukweli. Ila sikilizeni nyote: ukweli ukisemwa mapema huzuia mwenzako asiumie. Ukicheleweshwa, kinachobaki ni kuomba radhi tu."

Mchana Ruti alikuwa peke yake kwenye mibuni, aking'oa majani kwa mikono, akijuta. Alisikia hatua. Enesi alikuja akaketi kwenye mpini wa jembe, upande wake wa kijiti, bila kutabasamu.

"Haya," alisema. "Nisimulie huyo tembo."

Ruti alisimulia polepole, na hakutia chumvi hata chembe.