Jaël na Mstari wa Buluu

Kila Jumamosi, akishamaliza kufagia ua na kuosha sahani za bukari, ugali wa kwao, Jaël alikalia kiti cha plastiki mbele ya kompyuta ya shangazi yake, Tantine Delphine, katika chumba chake cha michezo mtaani Panda. Hapo alijiona mkubwa kupita miaka yake kumi na miwili. Watoto walikuja kuvaa miwani mizito iliyofunika macho yote na kuwaonyesha mchezo tu, si chumba, wakarusha ngumi hewani na kupiga kelele kama wako uwanjani. Lakini miwani hiyo haikufanya kazi bila programu ya kwenye kompyuta, na aliyeiendesha programu alikuwa Jaël.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora mpaka. Alishika rimoti ya mchezo, akatembea kando ya kuta zote nne, na kwenye kioo cha kompyuta mstari wa buluu ukamfuata. Mchezaji akiukaribia, mstari ulitokea ndani ya miwani, naye akajua asimame. Umeme ukikatika na kurudi, programu iliuliza kama chumba kimebadilika. Tantine Delphine alikuwa amemwonya mara nyingi: asijibu kabla hajazunguka tena.

Jumamosi moja mvua ilinyesha, na umeme ukakatika. Tantine, aliyekuwa akipika maharage uani, aliingiza mbabula yake, lile jiko la makaa, akaiweka kwenye kona ya chumba cha michezo na sufuria juu yake, kisha akatoka mbio kuanua nguo. Jaël alisikia chuma kikigusa sakafu. Hakugeuka, kwa kuwa alikuwa akibishana na Emmanuella, mmoja wa watoto waliongoja zamu, kuhusu nani anafuata kucheza.

Umeme ukarudi. Watoto wakashangilia, wakamsonga. Programu ikauliza: Je, chumba kimebadilika? Jaël akabonyeza "Hapana", haraka haraka, bila hata kuinua macho.

Pitshou, mtoto wa jirani mwenye miaka kumi, akavaa miwani. Alicheza vizuri, akarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu. Kisigino chake kikagonga mbabula, sufuria ikapinduka, na maharage ya moto yakammwagikia mguuni. Kilio chake kilimfanya Tantine atupe nguo zote matopeni.

"Pitshou! Kila siku ni weye tu!" alifoka, huku akimmwagia maji baridi mguuni. "Laini ya buluu hukuiona?"

"Haikutoka, Tantine! Laini haikutoka!"

"Jaël, ulizunguka?"

Jaël aliitazama kompyuta, si Tantine. "Ndiyo, Tantine."

Jambo likaisha hivyo. Pitshou alipelekwa kwenye kituo cha afya, akafungwa bendeji, na akakatazwa kukanyaga tena chumba kile, kwa kuwa ni mtundu na tena mwongo. Mama yake, Mama Angèle, aliona aibu hata kumtazama Tantine usoni. Jaël alijua kwamba neno lake moja lingemsafisha yule mtoto, na neno hilo hakulisema. Chakula kilimshinda. Alijichukia, na bado aliogopa.

Jumapili, baada ya misa, alimkuta baba yake, Papa Michel, akipaka dawa viatu vyake vya kazi. Papa Michel alikuwa fundi wa mitambo kiwandani.

"Papa, kwa kazi, courant ikikatika na kurudi, munafanyaka nini?"

"Tunazungukaka machine kwanza, na miguu. Hakuna muntu wa kuwasha kabla ya kuona na macho yake. Pengine mwenzako iko chini anatengeneza kitu." Alimtazama. "Juu ya nini unauliza?"

Jaël akaangua kilio, akasema yote. Baba hakupiga kelele, na hilo lilimuuma zaidi. Alivaa viatu vyake, akafunga kamba taratibu.

"Vaa viatu. Tunaenda kuita Tantine, kisha kwa Mama Angèle."

Pitshou alikuwa ameketi mlangoni kwao pamoja na mama yake, mguu juu ya kigoda. Jaël alisimama mbele yao wote.

"Pitshou hakudanganya. Miye sikuzunguka. Ni miye njo nilidanganya."

"Nilisema," Pitshou alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Nilisema laini haikutoka."

Tantine Delphine alifunika mdomo kwa kitenge chake. "Na miye nilikosa. Mbabula ndani ya nyumba, na batoto! Unisamehe, mwana wangu. Kule kwa michezo ni kwako, utarudi wakati unataka."

Papa Michel alimshika binti yake begani. "Ile programu inakuuliza kwa sababu yenyewe haina macho, Jaël. Macho yake ni weye. Ukiidanganya itaamini, na muntu ataumia. Kisha uliongeza uongo wa pili. Maharage yalimuunguza muguu, weye ukamuunguza jina. Muguu utapona na dawa. Jina linapona tu wakati mwenye kuliharibu anasema kweli."

Wiki tatu baadaye Pitshou alirudi, na kovu mguuni. Jaël alimpa miwani, lakini Pitshou hakuivaa.

"Ulizunguka?" aliuliza.

Jaël alikuwa amekwisha kuzunguka. Hata hivyo hakukasirika. Alichukua rimoti, akamwekea Pitshou mkononi, na wote wawili wakatembea kando ya ukuta, kona kwa kona.