Msichana wa Kwenye Bango

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na tena jioni, mimi huteka maji chini na kuyapandisha hadi ghorofa ya tano tunakoishi, hapa mtaani Pipeline. Sikuichukia kazi hiyo hata siku moja, mpaka Mama Nzivo alipotundika bango jipya juu ya mlango wa saluni yake, karibu na mfereji ninapoteka maji.

Mwezi uliotangulia alikuwa ametusuka mimi na rafiki yangu Shirleen mtindo mmoja, akatupiga picha kila mmoja peke yake tukiwa na sare za shule. Alisema atachagua picha moja ya bango. Sasa msichana aliyekuwa pale juu alikuwa mweupe, pua nyembamba, mashavu bila hata doa.

"Shirleen ametokea vizuri," majirani walisema. Shirleen ni mweupe, mimi ni mweusi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. Mwenyewe alitabasamu tu.

Wivu ulinitafuna, sifichi. Nilijaza mtungi nikiwa nimeligeuzia bango mgongo. Shirleen aliponiita twende shule pamoja, nilijifanya sisikii. Jumamosi nikachukua kwa siri krimu ya shangazi ya kung'arisha ngozi, nikajipaka uso mzima, tena mara mbili, maana nilikuwa na haraka ya kuwa mrembo.

Kufikia alasiri uso ulikuwa umevimba na kuwaka. Mama huchomelea madirisha ya chuma kule viwandani, Industrial Area, na hashtuki ovyo, lakini aliponiona aliketi kwanza.

"Umejipaka nini, Kamene?"

Nilimweleza yote nikilia. Alinipeleka zahanati, nikapewa dawa na kuambiwa nina bahati macho hayakuguswa. Tuliporudi, Mama alikwenda moja kwa moja saluni, ambako Shirleen alikuwa akisaidia kufagia nywele.

"Mama Nzivo, mtoto ameunguza uso akitaka kufanana na Shirleen wa bango lako."

"Shirleen?" Mama Nzivo alishangaa. "Huyo ni Kamene. Fundi wa kuchapisha alisema ataing'arisha picha kidogo, nikakubali. Nilidhani mnajua."

Nilitoka nje nikatazama juu. Kwa mara ya kwanza niliangalia chini ya kidevu cha yule msichana. Kola yake ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa kijani, ule Mama alioutumia kushona kola yangu uzi mweupe ulipokwisha. Nilikuwa nimejionea wivu mimi mwenyewe.

"Niliiona hiyo kola," Shirleen alisema akiwa ameinamisha kichwa. "Lakini watu walikuwa wananisifu, nikanyamaza. Nisamehe, Kamene."

Nilimsamehe, nami nikamwomba msamaha kwa kumnunia.

Mama Nzivo alilishusha bango siku hiyo hiyo. Lililofuata lina picha ile ile bila kuguswa: weusi wangu, pua yangu na kovu la kwenye nyusi. Lilipotundikwa, Mama alisimama nami chini yake.

"Mtu alikufuta kwa kompyuta, nawe ukataka kummalizia kazi kwa krimu," alisema. "Siku nyingine picha ya mwanamke ikikufanya ujichukie, iwe ya bango au ya simu, uliza kwanza ni nani aliyeichezea."

Kisha akanipa mtungi, kwa sababu maji ya jioni yalikuwa bado hayajapanda.