Nondo Arobaini Chini ya Turubai

Kaka yangu wa tumbo moja alinisukuma shimoni.

Mita tatu kwenda chini. Na huko chini, kwa mujibu wa mchoro wangu mwenyewe, zilisimama nondo arobaini, wima, kila moja ndefu kama mkono wa mtu mzima.

Ndugu msomaji, nilijihesabu marehemu...

Turudi nyuma dakika tano.

Mimi ni mhandisi, nachora kuta za zege. Kaka ndiye mkandarasi. Ule ulikuwa ukuta wa chini ya ardhi: unazuia udongo, unabeba ghorofa sita. Nondo zinazochomoza kwenye msingi ndizo zinazoushika. Bila hizo, ukuta ni jino lisilo na mzizi.

Nilisimama ukingoni, nikaona turubai limefunika msingi. Limelala tambarare kama shuka la hotelini.

"Kaka, turubai juu ya nondo halilali hivi."

"Nimezikunja kidogo. Kesho tunamwaga zege. Saini!"

"Lifunue kwanza."

"Mdogo wangu, usinivue nguo mbele ya mafundi wangu!"

"Kama umevaa, unaogopa nini?"

Fundi mmoja akacheka. Kicheko kile ndicho kilichoniponza.

Mikono miwili kifuani... puu!

Sikutobolewa.

Niliangukia zege tupu. Mbavu tatu zikavunjika, nilizisikia moja moja. Nikalivuta turubai. Hakuna nondo. Hata moja!

Kaka akashuka ngazi na chepe.

"Hukuona kitu! Sema hukuona kitu!"

Pigo la kwanza lilivunja mkono wangu wa kuchorea. La pili lilichana shavu. La tatu mafundi walilidaka hewani.

Kaka alikamatwa, lakini nikiwa bado hospitalini akapata dhamana. Siku ya tano akamwaga zege bila saini yangu, akafukia kila kitu. Aliwaambia polisi kuwa nondo zilikuwepo zote, mimi niliangukia katikati yake kwa bahati. Mafundi wakawa mabubu. Kibarua kitamu.

Mama akaja kuniona.

"Mwanangu, ya ndugu humalizwa sebuleni."

"Mama, juu ya ukuta ule kutakuwa na sebule ishirini na nne."

Mahakamani, kwenye kesi ya kujaribu kuua, mwendesha mashtaka alibandika mchoro wangu ubaoni.

"Umesema nondo zote arobaini zilikuwepo. Ulimsukuma dada yako juu ya nondo hizo ukitarajia nini, kama si kifo?"

Kaka akautazama mchoro. Jasho likamtoka.

"Mheshimiwa, sikutaka kuua! Nilijua pale hapana nondo! Mimi mwenyewe nilizikata!"



"Rudia taratibu," hakimu akasema. "Karani anaandika."

Alifungwa. Ukuta ukabomolewa, nikiusimamia mkono ukiwa kwenye plasta.

Jamani, mtu akikwambia saini kwanza utaona baadaye, rudisha kalamu mfukoni. Hata kama mmenyonya ziwa moja!

Wengi husema niliokolewa na Mungu. Sibishani nao. Lakini hesabu ni hii: kaka angejenga nilivyochora, ningekufa siku ile.

Ukuta nimeuchora upya.

Nondo ni zilezile arobaini.