Jina Husomwa Mara Mbili

Jumamosi mchana, pale sokoni Nyawera, mjini Bukavu, huwezi kupita bila kumkanyaga mtu au kukanyagwa. Mwaka huo vita vilikuwa vimekata barabara zote za kwenda ndani ya nchi, lakini soko lilikuwa kama halikuambiwa. Wapagazi walipita na magunia ya mihogo migongoni, moto, yaani pikipiki, zilipiga honi, na kina mama wa samaki waligombana na wateja kwa sauti ya kuamsha wafu.

Cibalonza alikuwa akipita hapo kwa haraka, liputa, kitenge chake cha kijani na manjano, limembana vizuri kiunoni, viatu vya kisigino vikiogopa tope. Alikuwa msomaji wa matangazo wa redio ya serikali, ingawa siku hizo ukiuliza serikali ipi, watu walikutazama tu. Kwenye kizuizi cha askari karibu na stendi ya moto alikuta kundi la wacheza ngoma, wamevaa raffia na manyoya, wamesimamishwa mstari mmoja. Askari alikuwa ameshika mikuki yao kifuani.

"Chef, hii ni muti," alisema kiongozi wao, kijana mrefu, mwembamba, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. "Gusa hapa. Haina chuma. Ni ya kucheza."

"Mukuki ni mukuki. Munatoka Shabunda, munabeba mikuki, na munasema haumuko Mai-Mai, baasi ya pori?"

Cibalonza aliingia katikati yao. "Mukubwa, hawa ni wageni wa redio. Saa nane wanacheza kwa salle ya paroisse. Ukiwafunga, mimi nitasema nini kwa micro? Niseme musoda alikamata kuni?"

Askari alimtazama, kisha akainamisha kichwa kama anayesikiliza kitu cha mbali. "Wewe njo ule wa matangazo?"

"Njo mimi."

"Ulisomaka kilio ya baba yangu mukubwa. Kwetu Kalole walisikia jina vizuri, wakakuya kumuzika." Akairudisha mikuki, mmoja mmoja.

Yule kijana alimfuata Cibalonza hadi mlangoni mwa salle, ukumbi wa parokia. "Miaka yote najua ile sauti," alisema. "Sikujua kama iko na miguu."

"Na iko na kazi. Panga watu yako, saa imefika."

"Naitwa Déogratias. Déo."

"Sikukuuliza," alisema Cibalonza, lakini alicheka, na kicheko chake ndicho kilichoanzisha mambo yote.

Siku ya Wasikilizaji, kama hiyo, ilifanywa pale salle kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Redio ilialika kwaya, wacheza ngoma, washairi na vikundi vya michezo ya kuigiza kutoka kila kabila lililokimbilia Bukavu, na yote yakarushwa moja kwa moja. Katikati, ngoma zikipumzika, Cibalonza alipanda jukwaani na karatasi zake na kusoma matangazo: nani amefariki, nani anatafutwa, nani amefika salama. Watu walikuja kwa ajili ya ngoma, lakini wengi walikaa kwa ajili ya karatasi zile.

Papa Évariste, mkuu wa vipindi, ndiye aliyemfundisha kazi. Jina husomwa mara mbili, polepole. Na msomaji halii. "Mutu iko Shabunda na betri ya radio yake inakufa," alikuwa akimwambia. "Ukilia, jina inapotea, na hatapata ya pili. Kulia utalilia nyumbani." Cibalonza alikuwa amesoma kifo cha shangazi yake mwenyewe bila kukwaruza herufi moja, na Papa Évariste alimsifu kwa hilo mbele ya wote.

Déo alikuwa mwalimu asiye na mshahara, kama walimu wote wa wakati ule, akiishi Bagira na mama yake, Maman Adolphine. Alianza kuja redioni hata siku zisizo za ngoma, mara ameleta ndizi, mara ameleta swali lisilo na maana. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kufikia Pasaka hata mlinzi wa mlango alimwita shemeji.

"Kwenu Bashi bataniomba ngombe ngapi?" Déo alimuuliza siku moja, wameketi juu ya ukuta wanatazama ziwa.

"Kumi."

"Ngombe ya Walungu yote basoda balikula. Sisi Barega tunatoa mbuzi."

"Basi utaoa mbuzi mwenzake."

"Cibalonza, sichezi. Nikirudi Shabunda nitaongea na batonton, bandugu ya baba. Mwezi wa nane nakuoa."

Safari ya Shabunda, hapo ndipo palipomuuma Cibalonza baadaye, ilikuwa fikra yake yeye. Yeye ndiye aliyesema kwenye kikao kwamba Siku ya Wasikilizaji ya mwezi wa nane ipate nyimbo za wazee wenyewe, zilizorekodiwa kule kule, si za vijana wa mjini tu. Papa Évariste alikubali, akampa Déo kinasa sauti na kanda nne. Barabara ilikuwa imekufa, akapanda ndege ndogo ya wanunuzi wa dhahabu.

Wiki mbili baadaye Déo alimpigia Cibalonza kwa phonie, redio ya upepo ya misheni. Phonie haina siri. Anayesema anasikiwa na kila misheni iliyowasha mashine, akimaliza husema À toi, zamu yako, na chumba cha padri pale Bukavu kilikuwa kimejaa watu wanaongoja zamu.

"Chérie, unanisikia? À toi."

"Nakusikia. Na mapadri wote ya Kivu banakusikia. À toi."

"Basi basikie. Nilijaza kanda tatu. Na batonton balikubali. Uniongojee. À toi."

"Mimi niko wapi ya kwenda? Rudi mbio. À toi."

Akacheka, mashine ikakoroma, na hakusikika tena. Siku nne baadaye mapigano yalifunga uwanja wa ndege wa Shabunda, na phonie ya misheni ikanyamaza.

Mwezi wa nane ulipita, na wa tisa. Mnamo Oktoba mnunuzi mmoja wa dhahabu alitokea porini, amekonda, na mfuko mgongoni. Ndani mlikuwa na koti la Déo na kadi yake ya ualimu. Aliviona kando ya mto, alisema, mahali palipolala watu wengi, na hakuwageuza kutazama nyuso. Maman Adolphine alilitambua koti kwa kifungo alichokishona mwenyewe. Alilibeba hadi redioni akiwa peku.

"Mutoto yangu," alimwambia Cibalonza, "usome wewe."

"Maman, Papa Évariste atasoma. Mimi siwezi."

"Usome wewe. Alipenda sauti yako. Na batonton yake bako kule porini, basikie vizuri, bamulilie."

Nani angemkatalia mama yule? Cibalonza aliingia studio saa sita na nusu ya adhuhuri, akakaa, akaweka karatasi mbele. Papa Évariste alisimama nyuma ya kioo, tayari kumpokea. Hakuhitajika. Alisoma Déogratias Kikuni, Déogratias Kikuni, mwalimu, wa Bagira, kilio kwa mama yake. Kisha akasoma bei ya unga, maana ndiyo iliyofuata. Alipotoka, alifika hadi kwenye choo cha nyuma, akaanguka. Papa Évariste na mlinzi walimwinua sakafuni.

Huko Bagira walilia kilio bila maiti. Cibalonza alikaa mkekani siku saba kando ya Maman Adolphine, kichwa kimenyolewa kama mkwe, ingawa hakuna ng'ombe wala mbuzi aliyekuwa ametolewa. Baada ya hapo alikwenda kila Jumapili. Wanaume wawili walimwomba ndoa, mmoja wa banki na mmoja wa shirika la misaada mwenye gari, na wote aliwajibu kwa adabu kwamba ana mtu. Shangazi zake walisema amerogwa. Aliumwa na jambo moja tu, nalo lilimla usiku na mchana: ni mimi niliyemtuma.

Ilipita miezi kumi na minne.

Jumamosi ya mwisho ya Desemba salle ilijaa hadi madirishani, maana wakimbizi wapya walikuwa wameingia mjini kwa miguu wiki ile, wengi kutoka Shabunda. Kwaya ilikuwa jukwaani. Cibalonza alikuwa nyuma ya pazia akipanga karatasi zake, na mtu akasimama mbele yake, mrefu, mwembamba kuliko binadamu anavyopaswa kuwa, ndevu hazijanyolewa.

"Bado uko nasoma," alisema.

Karatasi zilimwanguka. Alitaka kumshika, mikono ikafika kifuani mwake na kuzuiwa hapo. Déo alikuwa ameishika mikono ile kwa nguvu, mbali naye.

"Déo. Déo, ni wewe."

"Nilikusikia," alisema. "Ile siku, saa sita na nusu. Nilikuwa chini ya kitanda kwa nyumba ya watu, na radio ndogo kwa sikio. Koti waliniibiaka. Nikasikia nimekufa. Sawa, batu banakosea. Lakini ni wewe ulisoma, Cibalonza. Haukutetemeka hata kidogo. Ukamaliza mimi, ukaendelea na bei ya unga."

"Mama yako aliniomba."

"Mutu anayependa angeshindwa."

Hapo hasira ilimpanda Cibalonza, hasira safi iliyompa nguvu. "Ningeshindwa, batonton yako bangesikia jina gani? Nilisoma ju nilikupenda. Nilisoma kwa wewe kuliko nilivyosomea mutu yeyote. Uliza Papa Évariste baliniokota wapi. Uliza mama yako nani alinyoa kichwa. Miezi kumi na ine, Déo, kila yenga, kila Jumapili, niko Bagira."

Déo aliachia mikono yake. Uso wake ulibadilika polepole, kama wa mtu anayehesabu upya na kuona alikosea tangu mwanzo. Akaketi juu ya ngoma iliyokuwa hapo, akalia bila kujifunika. Cibalonza alipiga magoti, akamkumbatia kichwa, na kwa muda ule mfupi alikuwa na kila kitu alichomwomba Mungu.

"Maman yako anajua?"

"Bado. Nilianzia kwako."

Alikuwa akimfuta machozi kwa ncha ya liputa alipoona bega la shati lake. Kiraka. Kilishonwa kwa uzi mwembamba, mishono midogo midogo, sawasawa, na mkono wenye subira.

"Nani alikushonea hii?"

"Bintu. Bwana yake balimuua mbele yake. Njo alinificha. Alikuwa ananipa chakula yake."

"Ni muke yako?"

"Nilisikia ile sauti, nikasema kwisha, Cibalonza alinizika. Kule hakuna mutu anaishi yeye peke." Akamshika mikono tena, safari hii kwa upole. "Lakini sasa najua. Hapa hakuna mutu anamujua. Shabunda iko mbali, barabara imekufa, na hata yeye alinionaka kama mutu wa kupita. Tuanze tena. Nitatoa ngombe, hata kama nitaiba."

Nisikudanganye, msomaji: Cibalonza alitaka. Alitaka kwa mwili wote. Mji mzima ulikuwa umemzika mtu huyu, nani angeuliza alikuwa amelala wapi alipokuwa maiti? Angeweza kumchukua mkono, kumpeleka Bagira kwa mama yake, na kuolewa kabla ya Kwaresima. Na kule porini mwanamke mmoja angekaa akisubiri, bila hata karatasi ya kumwambia alie au asilie.

"Iko na mimba?" aliuliza.

Déo alitazama chini. "Miezi sita."

Jukwaani kwaya ilimaliza. Papa Évariste alifungua pazia. "Matangazo, mutoto wangu, tuko direct—" Akamwona Déo, akashikilia pazia.

"Papa, nipe karatasi," alisema Cibalonza. "Kuna rectificatif. Aliyesoma kosa njo anasahihisha, si ulinifundisha hivyo?"

Aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya ngoma. Papa Évariste alisoma juu ya bega lake, akakohoa. "Uko sûre? Ikishatoka hewani hairudi."

"Njo maana."

"Cibalonza," alisema Déo. "Ngoja. Tuongee kwanza."

"Tuliongea."

Akaokota karatasi zake, akapanda jukwaani. Salle ilinyamaza, kama ilivyonyamaza kila mara kwa karatasi zile.

"Rectificatif," alisoma. "Maman Adolphine wa Bagira, jamaa na marafiki wote, mnajulishwa kwamba Déogratias Kikuni, Déogratias Kikuni, ambaye redio hii ilitangaza kifo chake mwezi wa kumi mwaka jana, yuko hai. Amefika Bukavu leo, ni mzima." Vigelegele vilianza nyuma ya salle, akainua mkono vinyamaze. "Mke wake, Bintu, Bintu, amebaki Shabunda, naye ni mjamzito. Bintu, kama unasikia, usilie. Mume wako alifika salama. Anapata nguvu, kisha anarudi kukuchukua."

Salle ililipuka. Watu walimvuta Déo kutoka nyuma ya pazia, wakamwinua mabegani, wakampitisha mlangoni kuelekea Bagira, na yeye aligeuza shingo mara mbili kutazama jukwaani. Kina mama walikuwa wakicheza na kulia kwa pamoja. Cibalonza alingoja kelele zitoke nje pamoja nao. Mkononi mwake zilibaki karatasi nne, na tatu kati yake zilikuwa za vifo. Akasogea karibu na micro, akaanza na ile ya kwanza.