Ming'oko ya Shangazi Somoe

Kila alasiri Faidha alipotoka shule, aliweka begi lake, akanawa mikono, kisha akaanza kazi ya kumkalisha bibi yake kitako. Moyo wa Bibi ulikuwa umechoka kusukuma damu. Miguu yake ilivimba, na hata kugeuka kitandani kulimkata pumzi. Faidha alimwegemeza kwenye mito, akamlisha uji mzito kwa kijiko kidogo, akingoja ameze ndipo ampe kingine. Akimkuta amesinzia, alimwacha kwanza aamke vizuri.

Nesi wa hospitali ya Masasi ndiye aliyewafundisha hivyo yeye na mama yake. Mgonjwa wa moyo aliyedhoofu, alisema, akipaliwa hana nguvu ya kukohoa akakitoa kilichompalia. Chakula kikishuka mapafuni huleta nimonia, na nimonia inaweza kumuua mtu ambaye moyo wake bado ungemvumilia. Mama Faidha alishinda barabarani pale Nanganga akiwauzia abiria korosho, hivyo kazi ya kulisha alimwachia binti yake, mwenye subira kuliko watu wazima wote wa nyumba ile.

Jumamosi moja Shangazi Somoe alishuka kutoka Newala, sauti yake ikitangulia kuingia mlangoni. Alikuwa binti mkubwa wa Bibi, na hakuna aliyezoea kumpinga. Alileta kikapu cha ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini ambavyo kwao chai bila hivyo si chai. Nani aende kumwona mgonjwa mikono mitupu? Na mgonjwa naye hakosi kuonja alicholetewa, mgeni asije akaondoka na kinyongo. Ming'oko ikachemshwa, chai ikamiminwa.

Bibi alikuwa amelala chali, macho nusu wazi. Shangazi alimenya mng'oko mmoja, akaupeleka kinywani mwake. Faidha alimwambia kwa adabu kwamba nesi alitaka Bibi aamke na akae kwanza.

"Mwanangu," alijibu Shangazi, "huyu alinilisha mimi kabla nesi wako hajazaliwa."

Faidha akanyamaza. Mtoto habishani na shangazi yake.

Kipande cha kwanza kilipita. Cha pili, pamoja na funda la chai, kikampalia Bibi. Alikohoa kikohozi hafifu, machozi yakamlenga, mwishowe akatulia. Shangazi alimfuta mdomo, akamwambia Faidha asije akamtia mama yake wasiwasi, atakaporudi kutoka Nanganga, kwa jambo lililokwisha kupita.

Halikuwa limepita. Jumatatu asubuhi Bibi aliamka na homa kali, akihema na kuchanganya maneno. Walikodi gari wakamkimbiza Masasi, Faidha akimshika mkono njia nzima.

Daktari Eliakimu alimpima, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Alieleza kwamba huenda moyo umezidiwa hata maji yakajaa mapafuni, au huenda ni ugonjwa mwingine kabisa, na dawa za hali hizo mbili hazifanani. Akauliza kama mgonjwa amepaliwa siku za karibuni. Mama Faidha alijibu hapana, maana hakuwepo. Shangazi alitazama sakafu, akasema mgonjwa amekula uji tu kama kawaida.

Faidha aliogopa sana. Akisema, atamwaibisha shangazi yake mbele ya watu. Asiposema, huenda Bibi akatibiwa ugonjwa asiokuwa nao, naye ndiye bibi pekee aliyebaki. Akamsogelea daktari.

"Shikamoo, daktari. Bibi alipaliwa juzi. Alikuwa amelala, akapewa ming'oko na chai. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza."

Shangazi Somoe akainua uso.

"Anasema kweli. Nilimpa mimi."

Daktari hakumkaripia mtu. Aliagiza picha ya kifua, nayo ikaonyesha nimonia kwenye pafu la kulia. Bibi akatundikiwa dripu ya dawa, akawekewa hewa ya oksijeni. Kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kusema atapona, lakini homa ilianza kushuka, na asubuhi moja aliuliza kwa sauti ndogo kama ming'oko yake imeliwa na watu. Mama Faidha alicheka huku akilia.

Siku hiyo Shangazi alichukua bakuli la uji mzito mwenyewe. Alimwinua mama yake, akapanga mito, akamgeukia Faidha.

"Nimeweka sawa?"

"Bado, Shangazi. Mto wa chini uusogeze mgongoni."

Shangazi akausogeza, akachota uji kidogo, akangoja mama yake ameze.

"Nilidhani kuninyamazia ndiyo heshima," alisema bila kugeuka. "Heshima ile ilikaribia kutuzikia mama. Siku nyingine ukiniona nakosea, niambie. Nikikufokea, niambie tena."